Grace Hopper: Admirali aliyekataa kuamini programu kwa maneno matupu

Kama jina lako ni Nyang'au, Ong'era au Mong'are, tayari unajua shida ninayotaka kuanza nayo. Unajaza fomu mtandaoni, unabonyeza kitufe, halafu mashine inakuambia hilo si jina. Au inalikubali vizuri kabisa, kisha kwenye orodha unajikuta umekuwa Nyang, na ile au imeenda zake. Ritifaa, kale kaalama kadogo ambako mwalimu wa Kiswahili alitumia kipindi kizima kutufundisha, ndiko kanakoangusha programu nyingi. Sababu ni rahisi: katika lugha nyingi za kompyuta, alama hiyo hiyo ndiyo hufungua na kufunga maneno. Programu ikifika kwenye Nyang' inadhani neno limeisha. Inafunga mlango, na herufi zilizobaki zinabaki nje kwenye baridi.

Sasa chukulia wewe ndiye umepewa kazi. Kuna chama cha wakulima wa chai pande za Kebirigo, kina wanachama mia kadhaa, na katibu amekuletea orodha kwenye faili ya CSV, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa koma. Anataka iingie kwenye mfumo mpya kabla ya malipo ya mwisho wa mwezi. Huandiki kila kitu mwenyewe. Unaazima maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika, kazi yake kusoma faili na kuziingiza. Jina la Nyang'au linakwama, unachimba, unarekebisha, linapita. Unalala ukiwa na raha. Wiki ijayo katibu anapiga simu: namba zote za simu zimepoteza sifuri ya mbele, na hakuna mkulima hata mmoja aliyepata ujumbe wa malipo. Kumbe uliporekebisha jina uligusa pia mahali panapoamua lipi ni neno na lipi ni namba.

Hiyo ndiyo rigresheni. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana leo kimekufa, si kwa sababu ulikigusa, bali kwa sababu uligusa jirani yake. Dawa yake ni majaribio ya rigresheni: rundo la vijiprogramu vidogo vinavyouliza maswali yale yale kila mara unapobadilisha chochote, hata kama ni nukta moja. Sifuri ya mbele ipo? Nyang'au yuko mzima? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwahi kusikia jambo hili darasani. Nililipatia kwenye vibarua.

Lakini leo sitaki kukupa somo. Nataka kukusimulia habari za mwanamke mmoja Mmarekani, mwembamba, mvutaji sigara, aliyevaa sare za Jeshi la Wanamaji hadi alipokaribia miaka 80. Ni miongoni mwa watu waliolitoa jambo hili kwenye mazoea ya fundi mmoja mmoja na kulifanya sharti la serikali. Anaitwa Grace Hopper. Huenda umesikia jina lake kwenye ile stori ya nondo. Stori ya nondo husimuliwa vibaya, tutaifikia.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906 akiitwa Grace Brewster Murray. Akiwa na miaka 7 hivi alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akafungua moja, vipande vikamwagika, akashindwa kuvirudisha. Akachukua ya pili ili aangalie ya kwanza ilikuwaje. Na ya tatu. Mama yake alipokuja kugundua, saa 7 za nyumba zilikuwa zimekatwakatwa. Hakuchapwa. Aliambiwa tu kuanzia siku hiyo atachezea saa moja pekee. Ukinielewa, hilo peke yake ni funzo zima la ufundi: usifungue saa zote kwa wakati mmoja, acha moja inayofanya kazi ili uwe na cha kulinganishia.

Baba yake alikuwa katika biashara ya bima na alikatwa miguu yote kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa. Alisisitiza mabinti zake wasome sawasawa na kaka yao, ili siku asipokuwepo wajisimamie. Miaka hiyo si kila nyumba Marekani ingekubali wazo hilo. Grace akafanya mtihani wa kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, akaanguka Kilatini. Akasubiri mwaka mzima, akarudia, akaingia. Mwaka wa 1928 alimaliza shahada ya hesabu na fizikia, akaenda Yale akapata uzamili mwaka wa 1930 na uzamifu wa hesabu mwaka wa 1934. Katikati ya hayo aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, ndiyo maana tunamjua kwa jina hilo. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1945. Jina akabaki nalo. Hawakuwa na watoto.

Alirudi Vassar kufundisha hesabu, na huko alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wanafunzi: aliwaandikisha insha kwenye somo la hesabu. Waliolalamika kwamba hawakuja kusoma lugha aliwaeleza kwamba hesabu usiyoweza kumweleza mtu mwingine haina faida. Kumbuka hilo, litarudi kwenye COBOL.

Vita Vikuu vya Pili vikaifikia Marekani Desemba 1941. Grace alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji, wakamkataa. Umri wake ulikuwa umepita, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 7 chini ya kiwango. Vilevile alikuwa profesa wa hesabu, kazi iliyohesabiwa kuwa muhimu kwa taifa. Hakwenda nyumbani kulia. Aliomba ruhusa maalumu ya uzito, akaomba likizo chuoni, na mwisho wa mwaka wa 1943 akala kiapo. Mafunzo ya uofisa alimaliza wa kwanza katika darasa lake, akiwa na wasichana ambao wengi walikuwa rika la wanafunzi wake.

Julai 1944 akatumwa chuo kikuu cha Harvard kwenye mashine inayoitwa Mark I. Hebu isahau laptopu yako kidogo. Mark I ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha mita mbili na nusu hivi, na uzito wa karibu tani 5. Ilijumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Bosi wake, Howard Aiken, hakumkaribisha na chai. Alimuuliza kwa nini amechelewa, akamwonyesha mashine, akampa hesabu ya kumaliza ndani ya siku chache kwenye kitu ambacho hajawahi kukiona. Baadaye akamwagiza aandike kitabu kizima cha kuieleza mashine hiyo. Alisema hajawahi kuandika kitabu. Kitabu kilitoka mwaka wa 1946, kina kurasa zaidi ya 500.

Hapo Harvard ndipo penye mbegu ya mambo tunayoyaongea. Grace na wenzake walikuwa na madaftari. Kila walipopata kipande cha msimbo kilichofanya kazi sawasawa, cha kutafuta kipeo cha pili kwa mfano, walikiandika kwenye daftari. Mwenzako akikihitaji, anaazima daftari lako na kunakili. Hayo madaftari yalikuwa maktaba za programu kabla jina hilo halijazoeleka. Shida ilikuwa kunakili kwa mkono. Herufi B ilisomwa kama 13. Namba 4 iligeuka kipembetatu kilichowakilisha nafasi tupu. Kipande kilichofanya kazi vizuri kwenye daftari la mmoja kilikufa kwenye utepe wa mwingine. Grace akafikia uamuzi ambao ungemwongoza maisha yote: binadamu hajui kunakili na hajui kujumlisha, basi kazi hizo apewe mashine.

Sasa nondo. Septemba 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilikataa kufanya kazi. Mafundi wakaichunguza, wakakuta nondo amebanwa ndani ya rilei. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi na kuandika kwamba hapa ndipo dudu halisi la kwanza limepatikana. Kitabu hicho kiko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, na nondo bado yumo. Watu husema Grace ndiye aliyemwona na ndiye aliyebuni neno la dudu kwa maana ya hitilafu. Hapana. Mafundi walikuwa wakilitumia tangu enzi za Thomas Edison, ndiyo maana utani wenyewe unachekesha. Yeye alichofanya ni kuisimulia hadithi hiyo vizuri kwa miaka 40, hadi ikawa yake.

Mimi kinachonivutia si nondo. Ni kile kitabu. Hitilafu ilitokea, wakaandika tarehe na saa, na wakahifadhi ushahidi wenyewe. Hapo tutarudi.

Mwaka wa 1949 mkataba wake Harvard uliisha na hakukuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke. Wasifu mwingi unaoandikiwa vijana huruka kipindi hiki. Usikiruke. Vita vilikuwa vimeisha, ndoa ilikuwa imeisha, kazi ilikuwa imeisha, na Grace alikuwa akinywa pombe kupita kiasi. Mwaka huohuo aliwahi kukamatwa na polisi kwa ulevi. Waliomsaidia kusimama tena ni marafiki na kazi mpya, katika kampuni changa ya John Mauchly na Presper Eckert mjini Philadelphia, iliyokuwa ikijenga kompyuta ya UNIVAC.

Huko akalitoa lile wazo la madaftari. Mwaka wa 1952 alikuwa na programu iitwayo A-0 ikifanya kazi. Vipande vya msimbo vilivyokwisha kujaribiwa viliwekwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Wewe unaandika namba tu, mashine inavitafuta na kuviunganisha yenyewe. Aliiita kompaila. Ukiipima kwa vipimo vya leo, ilikuwa zaidi mashine ya kuunganisha vipande kuliko kompaila kamili, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Wakubwa hawakuelewa. Walimwambia kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Akaendelea. Alitaka watu wa biashara waandike programu kwa maneno ya kawaida. Timu yake ikatengeneza lugha iitwayo FLOW-MATIC, na ili kuonyesha kwamba maneno yenyewe ni alama tu kwa mashine, wakaandika programu moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa walishtuka: kompyuta ya Marekani ielewe Kijerumani? Mimi huwa najiuliza wangefanyaje kama angewaletea ya Ekegusii.

Mwaka wa 1959 watu wa kampuni na serikali walikutana makao makuu ya ulinzi ya Marekani kutafuta lugha moja ya biashara itakayotumika kwenye kompyuta zote. Hapo ndipo COBOL ilipozaliwa. Grace huitwa mama yake, na nadhani tunatia chumvi. Mary Hawes ndiye aliyesukuma mkutano uitishwe, na kamati iliyoandika lugha yenyewe ilikuwa na watu kama Jean Sammet. Grace alikuwa mshauri. Lakini FLOW-MATIC ilikuwa mezani na mengi yalichukuliwa humo, kwa hivyo tumwite nyanya, kama vijana wake walivyomtania.

Desemba 1960 COBOL ilipata mtihani wake wa kwanza mkubwa. Programu zilezile zikaendeshwa kwenye kompyuta mbili za kampuni mbili tofauti, RCA 501 na UNIVAC II, kwa mabadiliko machache tu. Zikafanya kazi. Watu wakashangilia, wakadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kila kampuni iliandika kompaila yake, na kila moja iliisoma ile karatasi ya COBOL kwa macho yake. Wengine waliongeza madoido. Wengine waliacha sehemu ngumu. Wote walibandika jina COBOL kwenye sanduku na kuuza. Ukihamisha programu ya mishahara kutoka mashine ya huyu kwenda ya yule, inakataa, au mbaya zaidi, inakubali na kutoa jibu tofauti.

Grace alistaafu jeshini mwisho wa mwaka wa 1966 akiwa na miaka 60. Miezi saba baadaye, Agosti 1967, akaitwa arudi kwa miezi sita tu. Jeshi la Wanamaji lilikuwa na kompyuta za kila aina na COBOL za kila aina, na hakuna kilichosikizana na kingine. Miezi sita ikawa karibu miaka 20.

Hapa ndipo ningetaka ukae na mimi kidogo.

Mtu mwingine angeandika waraka mkali kwa kampuni, akiziomba zifuate kanuni. Grace na kikundi chake wakaandika programu. Rundo la programu ndogo za COBOL, kila moja ikigusa sehemu moja ya lugha: hii inajaribu kujumlisha, hii inajaribu kusoma faili mstari kwa mstari, hii inajaribu kupanga majina. Kila programu ilijua jibu sahihi kabla ya kuanza. Inafanya kazi, inalinganisha, inachapisha umepita au umeanguka. Toleo la baadaye la majaribio hayo, ambalo bado lipo, likianguka linaonyesha vitu viwili: jibu lililotoka na jibu lililotakiwa. Halikuachi ukikisia.

Katika miaka ya 1970 hilo likawa sharti. Kampuni ikitaka kuiuzia serikali ya Marekani kompaila ya COBOL, kwanza ipitishwe kwenye majaribio na matokeo yaandikwe. Na si mara moja tu. Ukitoa toleo jipya, unarudi kwenye foleni. Muuzaji akiapa kwamba amebadilisha kidogo tu, sawa, tunakuamini, lakini endesha majaribio.

Ona tofauti. Kujaribu programu watu walikuwa wakijaribu tangu Mark I. Kipya kilikuwa kwamba majaribio yamekuwa mali ya kudumu, yanatunzwa na kuhesabiwa kama programu yenyewe, na yanaulizwa upya kila kitu kinapoguswa.

Turudi Kebirigo. Faili ya katibu ingehitaji majaribio ya namna gani? Kanuni za kwenye vitabu zinazungumzia akina Smith, kwa hivyo hapa ni lazima utumie kichwa cha nyumbani.

Kuna ritifaa, lakini si moja. Katibu akiandika kwenye simu anapata iliyopinda, akiandika kwenye kompyuta ya saiba anapata iliyonyooka, na wako wanaotumia ile alama iliyoinama ya kona ya kibodi. Kwa jicho ni Nyang'au yuleyule. Kwa mashine ni watu watatu. Kila namna inahitaji jaribio lake, na lingine la kuuliza kama mwishowe mkulima amehesabiwa mara moja.

Kuna namba za kaunti. Kisii ni 045, Nyamira ni 046. Fungua faili kwenye Excel, hifadhi, na zimekuwa 45 na 46, kwa sababu Excel ilidhani inakusaidia. Mfumo unaotafuta 046 hautapata mtu hata mmoja Nyamira nzima, na hautalalamika. Utakuambia tu jumla ni sifuri.

Kuna majina ya maeneobunge, na hapa ndipo mgeni atapotea kabisa. Borabu iko Nyamira. Bomachoge Borabu iko Kisii. Kitutu Masaba ni ya Nyamira, Nyaribari Masaba ni ya Kisii. Maktaba inayotafuta neno Borabu popote kwenye mstari, badala ya kulinganisha jina zima, itawavusha mpaka watu wa Bomachoge bila nauli. Kosa kama hilo hupita macho ya mtu yeyote asiyetoka huku, ndiyo maana huwezi kumwachia mtu wa mbali akuandikie majaribio.

Kuna tarehe. 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwetu, na Machi 4 kwa Mmarekani. Kuna saa pia: sisi tuko saa tatu mbele ya saa za dunia ambazo seva nyingi hutumia, kwa hivyo majani yaliyoingizwa usiku wa manane Nyansiongo, seva itayaandika ni ya jana. Mwisho wa mwezi hiyo ni pesa ya mtu.

Kazi ngumu zaidi si kuyaandika majaribio, ni kuyatunza. Ukipata hitilafu mpya, fanya kama wale wa nondo: ihifadhi faili iliyoleta shida. Lakini si faili yenyewe ya katibu, maana ina majina na namba za watu, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Tengeneza nakala fupi yenye majina ya kubuni na ugonjwa uleule. Kisha andika jaribio, liendeshe kabla hujarekebisha chochote, na ulione likianguka. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka hujui kama lina meno. Halafu ndiyo urekebishe.

Siku jaribio likikusumbua, utashawishika kulifuta ili orodha iwe ya kijani yote. Hiyo ni kama kung'oa taa ya mafuta kwenye dashibodi ya probox. Kuna siku jibu lenyewe hubadilika kihalali, labda chama kimeamua kilo ziandikwe kwa nukta mbili badala ya moja. Basi badilisha jibu linalotakiwa na uandike sababu, ili atakayekuja baada yako asidhani ulikuwa umelewa usingizi. Na yale majaribio yanayoanguka leo na kupita kesho bila mtu kugusa kitu, yashughulikie haraka. Watu wakizoea kuyapuuza hayo, watayapuuza yote.

Grace alikuwa na ukutani mwake saa iliyoenda kinyume, mishale ikizunguka kushoto. Ilisoma wakati sahihi, ukiizoea. Aliiweka kwa ajili ya watu waliomwambia kwamba jambo hufanywa hivi kwa sababu limekuwa likifanywa hivi siku zote. Watu hushangaa mtu aliyepigania mabadiliko hivyo anawezaje kuwa huyohuyo aliyelazimisha kila kitu cha jana kijaribiwe upya. Mimi sioni mgongano. Asiye na majaribio huogopa kugusa, na programu yake huzeeka akiilinda kwa mikono miwili.

Mwaka wa 1969 chama cha wataalamu wa kompyuta Marekani kilianzisha tuzo na kumpa yeye kwanza. Jina la tuzo? Mwanamume wa Mwaka. Akaichukua. Mwaka wa 1973 akapanda cheo kuwa kapteni. Alizunguka vyuoni akiwagawia wanafunzi vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili waache kupoteza muda wa mashine ovyo. Mwaka wa 1983 alihojiwa kwenye runinga, mbunge mmoja akamwona, na mwaka huo Rais Ronald Reagan akampandisha kuwa komodoo. Miaka miwili baadaye cheo hicho kikabadilishwa jina, akawa admirali. Alistaafu mara ya mwisho Agosti 1986, kwenye sitaha ya meli kongwe ya USS Constitution, akiwa na miaka 79. Hakupumzika; kampuni ya kompyuta ya Digital ikamwajiri kama mshauri.

Alifariki siku ya Mwaka Mpya, 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa makaburi ya Arlington kwa heshima za kijeshi. Kuna meli ya kivita inayoitwa Hopper. Mwaka wa 2016 Rais Barack Obama, ambaye baba yake ni wa hapa juu tu Kogelo, alimtunuku nishani ya juu kabisa ya raia, miaka 24 baada ya kifo.

COBOL yenyewe bado iko kwenye mabenki mengi duniani, ingawa vijana wanaicheka kwa maneno yake mengi. Na yale majaribio hayakufa naye. Yalikua, yakahamia taasisi ya viwango ya Marekani, na toleo lililotokana na kanuni za mwaka wa 1985 linapatikana bure. Leo kuna kompaila huria inayoitwa GnuCOBOL, inayotunzwa na watu wa kujitolea, na majaribio hayo, zaidi ya 9,000, ndiyo wanayoipimia. Unaweza kuishusha kwenye laptopu ya kawaida hapa Daraja Mbili, ukabadilisha mstari mmoja, ukaendesha majaribio, na kusubiri yakuambie kama umevunja kitu.